Hayakuwa Maua, Baba

Baba,

Ile rangi niliyokusimulia kwenye simu mwezi wa nne haikuwa maua. Naanza na hili kwa sababu nikilizungukazunguka nitaishia kukusalimia na kukwambia kwamba huku nyumbani Lanet kumenyesha vizuri, halafu nitaichana karatasi niende zangu. Hivyo ndivyo nilivyofanya mara zote nilizojaribu kukuandikia. Matumbawe hayakuchanua. Yalikuwa yanaumwa. Na mimi, mwalimu wa bayolojia, mwanao uliyemsomesha kwa kuziba rejeta za malori ya watu, niliyaona yanaumwa nikakupigia simu nikicheka.

Nakumbuka ulivyopenda kazi ile kuliko hata nilivyoipenda mimi. Kila shule zilipofungwa nilishuka pwani, kijijini ulikozaliwa, nikaungana na Riziki na kikundi chake cha kuchunguza mwamba. Wewe uliwaambia watu kwamba mwanao ni daktari wa bahari, na mimi nikakosa uso wa kukukosoa mbele ya wateja wako. Ukweli ni kwamba kazi yenyewe haina makuu. Maji yakipwa tunaingia na miwani ya kuzamia, kila mmoja na kibao chake na penseli, na kadi moja ya plastiki yenye vipande vya rangi. Kadi hiyo ni ya kahawia tupu, kuanzia kahawia hafifu ya chai yenye maziwa mengi hadi ile nzito ya chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Unaiweka kando ya tumbawe, unatazama limefanana na kipande kipi, unaandika, unasogea. Tumbawe likiwa zima ni la kahawia, Baba. Hilo ndilo lililokuudhi miaka yote.

"Kahawia tu?" ulikuwa ukiniuliza kila nilipopiga. "Mimi niliacha rangi huko. Nani kazichukua?"

Uliondoka kijijini ukiwa utingo wa lori, lori likachemka likafa hapa Nakuru, ukakaa kumsaidia fundi kulitengeneza rejeta, na hukurudi tena. Ndivyo ulivyopenda kuisimulia, kana kwamba lori lile bado liko barabarani linakungoja. Mwamba uliobaki nao kichwani ulikuwa wa mtoto aliyeukanyaga kwa miguu mitupu, na kila mwaka uliokaa huku ukauongezea rangi. Sikulaumu. Lakini sukari ilipokula macho yako, nikawa nakaa ufukweni na simu mkononi nikiona aibu kukutajia kahawia. Nilijua umeketi pale mlangoni mwa kibanda chako karibu na reli, umeiweka simu sauti ya juu ili mafundi wote wasikie, na binti yako daktari wa bahari anakuja na habari za rangi ya udongo.

Ndiyo sababu ya furaha yangu siku ile. Sikutafutii kisingizio, nakueleza tu ilikotoka.

Mwezi ule wa nne sikutaka kwenda. Miguu yako ilikuwa imevimba, na figo zilikuwa zimeanza kukusumbua. Wewe ndiye uliyenifukuza. Ukasema nisikufanye kisingizio cha uvivu, nenda, Jumatano utarudi, mimi siendi popote. Nilipofika nikamkuta Riziki hayupo, amepanda Mombasa kumwuguza dada yake aliyejifungua, akaniachia kikundi. Mara yangu ya kwanza kuwa kiongozi. Unajua ninavyokuwa nikipewa cheo, hata kiwe cha kubeba funguo.

Tukaingia. Maji yalikuwa na uvuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto, nikamwambia mwenzangu leo bahari imetupenda. Halafu nikaweka uso ndani. Baba, mwamba wote ulikuwa umewaka. Zambarau, waridi, kijani ya ndimu mbichi, na buluu ambayo mpaka leo sina jina lake. Mahali nilipopazoea kama chumba changu palikuwa pamegeuka pageni. Nikasogeza kadi karibu na tumbawe la kwanza, kadi haikuwa na rangi ile. Nikajaribu la pili. Haikuwa nayo. Mtu mwenye akili zake angejiuliza kwa nini kadi ya matumbawe yote ya duniani haina mahali pa kuandika nilichokuwa nakiona. Mimi nilisema kadi ni ya kizamani.

Nikatoka mbio, mikono bado inachuruzika, nikakupigia.

"Sema tena," ukasema.

Nikasema tena.

"Buluu gani?"

"Ile ya moto wa gesi, Baba, ukiwa unalehemu."

"Na waridi?"

"Kama maua ya mashamba ya Naivasha, yale wanayofunga na karatasi."

Kisha ukasema, polepole, "Yamechanua." Neno lilikuwa lako. Mimi sikuwa nimelisema. Lakini nililidaka kwa mikono miwili. Nikakwambia ndiyo Baba, yamechanua, na nikasikia mafundi wakipiga makofi huko nyuma yako. Huo ndio wakati ambao ningeweza kusema ngoja kwanza, nimwulize Riziki. Nilikuwa na namba yake. Alikuwa Mombasa, si mwezini.

Jumatano ilipokaribia ukaniambia nisirudi. "Kaa uyaangalie mpaka yamalize. Maua hayangoji mtu. Mimi niko sawa, mama yako yupo." Nami nikakaa. Kila siku nikakupigia na rangi zangu: leo zambarau imezidi, leo lile tumbawe kubwa kama meza limekuwa waridi mpaka ukingoni, leo kuna moja limeanza kung'aa na kuwa jeupe, zuri, Baba, kama bati jipya. Nilisema hivyo. Jeupe, zuri. Na sauti yako ilikuwa inapungua. Niliisikia ikipungua. Ulikuwa unaniuliza maswali mafupi zaidi, unavuta pumzi katikati ya neno, na mimi nikajiambia ni mtandao. Mtandao wa ufukweni ulikuwa mbovu kweli, lakini haukuwa mbovu namna hiyo.

Mama alinipigia alfajiri. Wewe ulizikwa alasiri ile ile, kama dini inavyotaka, na mimi nilikuwa bado ndani ya basi. Nilipofika, maturubai yalikuwa yamefungwa na wanawake wa mtaa wa Bondeni walikuwa wamejaa sebuleni. Kila mmoja alinikumbatia na kuniambia jambo lile lile. Pole Mwana, baba yako ameondoka na furaha. Pole, bahari ilimchanulia. Mpaka yule jirani wetu asiyependa mtu akaniambia ameona wengi wakifa lakini hajaona aliyekufa anatabasamu hivyo. Nililia, na katika kulia kule, Baba, nilijisifu kidogo. Nilijiona nimekupa kitu. Hili sijamwambia mtu yeyote.

Mama akaingia eda. Wewe uliwahi kumtania kwamba Mkikuyu wa mashamba ya ngano ya Njoro hawezi kukaa ndani miezi minne na ushei, atatoroka akaangalie ng'ombe. Hakutoroka. Alivaa nyeupe, akakaa chumbani, hakujipaka hata mafuta ya harufu. Mjomba Kamau alikuja kutoka Njoro, akamkuta kwenye mkeka, akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Ciru, kwani umefungwa? Hata kwa duka huendi?" Mama akamwambia, "Sijafungwa. Nimekaa." Kisha akamsimulia habari ya maua. Alimsimulia kila aliyeingia. Alikuwa ameshaikariri kuliko mimi: moto wa gesi, karatasi za Naivasha, na wewe ukisema neno lako. Mimi ndiye niliyekuwa nikileta chai.

Mwezi wa tano Riziki alinipigia. Alikuwa ameingia majini aliporudi, akasoma vibao vyetu. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Mwana, yale uliyoyaona si maua. Lile ni joto."

Akanieleza, na alipokuwa akinieleza nilijua kwamba nilikuwa nalijua jambo lile, limelala mahali fulani katika vitabu vyangu, ila sikutaka kuliamsha. Ndani ya tumbawe kuna vimea vidogo visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyolilisha na kulipatia ile kahawia. Maji yakizidi joto siku nyingi, tumbawe linavitema. Wewe ungelielewa kuliko mwanafunzi wangu yeyote: rejeta ikizidiwa inatapika maji yale yale yanayoiokoa. Na baadhi ya matumbawe, yakishabaki uchi namna hiyo, yanatengeneza rangi kali ya kujikinga na jua. Hiyo ndiyo buluu yetu. Hiyo ndiyo waridi. Baada ya hapo yanapauka, yanakuwa meupe pe, yanakaa hivyo kwa muda yakiwa hai bado. Maji yakipoa mapema, vimea vinaweza kurudi. Yakichelewa, mwani unaota juu na basi.

"Na sasa yakoje?" nikamwuliza.

"Sasa ni meupe mpaka unaumia macho," akasema. "Usijilaumu. Hata mimi ningeduwaa."

Nilikata simu, nikaingia kumpelekea Mama chai. Alikuwa na wageni wawili. Alikuwa amefika pale uliposema neno lako.

Nilijiambia siwezi kumwambia mjane aliye edani kwamba kitu pekee kinachomtuliza ni ugonjwa. Nilijiambia nitamwambia akitoka. Nilikuwa na sababu nzuri nyingi sana, Baba, na zote zilikuwa zinanilinda mimi. Kwa sababu kama hayakuwa maua, basi mimi nilikaa pwani bure. Uliniambia nikae nione mwisho wa kuchanua. Ukiondoa kuchanua, kinachobaki ni binti aliyekuwa na tiketi ya Jumatano na hakuipanda.

Halafu Mama akaanza kupanga safari. Mama ambaye hajawahi kuona bahari, anayeogopa hata ziwa likipanda kidogo. "Nikitoka eda, safari yangu ya kwanza ni huko," akawa anasema. "Nataka kuona chenye kilimfurahisha." Akamtuma mtoto wa jirani amnunulie viatu vya plastiki vya kutembelea majini. Mimi nikawa naitikia. Nikawa nahesabia kimoyomoyo kwamba huenda akabadili mawazo, huenda mvua, huenda miguu yake.

Siku ya kutoka, wanawake walikuja wakamwogesha, wakamfukiza udi, wakaimba kidogo. Mimi nilikuwa sebuleni na mjomba. Mlango ukafunguliwa, Mama akatoka amevaa dera jipya. Alikuwa amelishonesha kwa siri, kwa fundi wa mjini. Lilikuwa la zambarau, na shingoni na mikononi lina utepe wa buluu. Akasimama mbele yangu akageuka ili nione na mgongo.

"Ni hii?" akaniuliza. "Nilimwambia fundi vile ulimwambia baba yako. Tumepatia?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Nikasema ndiyo, Mama, mmepatia.

Nilimwambia kesho yake, jikoni, akipika chapati za safari. Sikuchagua maneno mazuri. Nilisema tu, Mama, yale hayakuwa maua, yalikuwa yanaumwa kwa joto, na sasa mengi yamekufa. Nikaeleza yote hadi mwisho, vimea, joto, rangi, weupe. Yeye aliendelea kusukuma chapati. Nilipomaliza akaufunika ule unga kwa kitambaa, akafuta mikono.

"Hii maneno ulijua lini?"

"Mwezi wa tano."

"Mwezi wa tano mimi nilikuwa hapo ndani."

"Ndiyo."

"Ukawa unaingia na chai, unanisikiza nikiambia watu, unatoka."

"Ndiyo, Mama."

"Nimeambia hata watu wa Njoro. Watu wenye hawajawahi kuona bahari, nikawaambia vile ilitoa maua juu ya bwana yangu. Kumbe mwalimu wa hiyo kitu ako hapo mlangoni ameshika birika."

Nikamwambia sikutaka kumwongezea uchungu. Akanitazama, Baba, kwa lile jicho unalolijua, la siku niliyorudi na ripoti ya shule niliyoifuta mwenyewe kwa kifutio.

"Mimi nilikuwa eda," akasema. "Sikuwa mgonjwa. Hukuambiwa unichunge."

Akatoka jikoni, akaziacha chapati pale pale. Nilijua safari imekufa. Lakini asubuhi yake nilimkuta sebuleni, begi liko miguuni, viatu vya plastiki vimefungwa kwenye mfuko, na amevaa dera lile lile la zambarau. Nikamwuliza kama ana hakika. "Kwani kuna mtu amekataza?" akasema. "Twende."

Njia nzima aliongea na abiria wengine, mimi hakuniambia chochote ila kuniomba maji.

Riziki alitupokea vizuri mno. Alimwita Mama shangazi, akamshika mkono. Ilikuwa bamvua, maji yamekauka mbali, unaweza kutembea kwenye mchanga mpaka karibu na mwamba bila kulowa magoti. Maji yalikuwa yamepoa, kusi ilikuwa inavuma. Mama alikuwa amelikunja dera mapajani. Riziki akampa ndoo iliyokatwa kitako na kuwekwa kioo, akamwonyesha namna ya kuikandamiza juu ya maji na kuchungulia ndani. Nikasimama kando yake. Kwa muda mrefu niliona kisogo chake tu.

"Hii yenye manyoya ni nini?"

"Hiyo imekufa, Mama. Ule ni mwani."

Akasogea. "Na hii?"

"Imekufa."

Akasogea tena. Alikuwa anafanya kazi yangu, tumbawe kwa tumbawe, haruki hata moja, na kila mara ananiuliza mimi, si Riziki. Imekufa. Imekufa. Hii nzima, ya kahawia, ilipona. Hii imekufa. Nilijibu moja baada ya jingine kama mtoto anayesomeshwa herufi. Kisha akafika kwa moja dogo, lenye vidole vifupi, jeupe.

"Hii imekufa?"

"Bado. Hiyo imepauka tu. Iko hai."

"Inafanya nini?"

"Inangoja. Vile vilivyokuwa vinailisha vimetoka. Inangoja virudi."

"Na visiporudi?"

"Basi."

Akainua uso kutoka kwenye ndoo. Riziki alikuwa amejitenga kidogo, nadhani kwa makusudi. Mama alilitazama tena lile tumbawe, bila ndoo safari hii.

"Imekaa eda," akasema. "Ila yangu ilikuwa na siku ya kuisha."

Mimi nikadhani hapo ndipo tulipopatana. Nikadhani amenisamehe kwa njia yake ya kuzungukia mambo. Nikaanza kumwambia habari zako, namna ninavyojuta kwamba nilikudanganya, kwamba uliondoka na jambo lisilo kweli, kwamba sijui nikuombe vipi msamaha na wewe hunisikii. Nilikuwa nalia sasa, maji ya bahari magotini na maji ya macho mdomoni. Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya sukuma wiki.

"Kama ingekuwa rangi yake ya siku zote, hiyo ya chai, ungekuja nyumbani ile Jumatano?"

"Ningekuja."

"Kweli?"

"Kweli, Mama. Tiketi nilikuwa nayo."

Akatingisha kichwa. Na hapo, Baba, akanieleza jambo ambalo wewe hukuniambia. Kwamba tangu ile Jumatano, kabla ya kila simu yangu ulimwomba akuinue, akuegemeze ukutani, akupe maji, akufute mdomo, ili sauti itoke. Kwamba ulizungumza nami ukicheka, na simu ikikatika ulikuwa huwezi kushika kikombe. Kwamba usiku alikugeuza peke yake kwa sababu ulikataa mafundi wakuone ulivyo, ukakataa mjomba aitwe, na alipotaka kunipigia mimi ulimshika kanga. Ukamwambia, mwache aone maua. Mgongo wake uliumia siku hizo na bado unamsumbua, na mimi kwa miezi minne nilidhani ni kwa ajili ya kukaa sana kwenye mkeka.

"Baba yako hukumkosea," akasema. "Yeye alipata chenye alitaka. Alisikia bahari yake ina rangi, akaenda. Wewe unalia juu yake kila siku na yeye alishaenda akiwa sawa. Mimi ndiye nilibaki na yeye kwa ile nyumba. Mimi ndiye nilikuwa nataka uje."

Akachukua ndoo, akaendelea na tumbawe lililofuata.

Tumerudi wiki ya pili sasa. Shule zimefunguliwa. Nimekuwa nikija hapa barazani kila jioni baada ya kusahihisha, nikikuandikia barua hii ya kukuomba msamaha, na kila jioni naichana kwa sababu haikuwa na maneno ya kutosha. Leo ndipo nilipoona kilichoiharibu. Nimekaa nje nikikulilia wewe, na huku nyuma ya mlango huu kuna mtu anasikia maumivu ya mgongo kila anapoinama kuwasha jiko. Miezi minne nilimletea chai Mama, sikumwuliza hata mara moja siku zako za mwisho zilikuwaje. Nilikuwa na aibu ya matumbawe, nikaitumia kujaza chumba chote, hapakubaki mahali pa kukaa yeye.

Sijui kama nitashuka pwani Desemba. Riziki ananitaka, na najua sasa mwamba unahitaji mtu atakayesema kimeonekana nini hata kama hakipendezi. Huenda nikaenda. Lakini sitakupigia simu ya moyoni tena kukupa rangi. Uliondoka na zako, kaa nazo. Sizichukui.

Ninakuahidi moja tu. Nikiingia ndani nitamwomba Mama anisimulie siku zile, tangu Jumatano, moja moja, ulikula nini, uliita nani, mikono yake aliiweka wapi alipokugeuza. Nitakaa mpaka amalize na sitaingiza bahari hata kidogo. Na akifika pahali alipotaka kunipigia akashindwa, sitalia kwanza. Nitamwachia yeye alie.

Nakuaga, Baba. Mungu akulaze pema. Mama anawasha jiko na nimemsikia akigumia, nenda zako nami niende.

Mwanao,
Mwana